Tablette Iliyoachwa na Wenyewe

Keshero, Goma, tarehe 2 mwezi wa sita 2025

Binti yangu Charline,

Jambo sana. Unaamukaje huko ng'ambo, Sherbrooke? Baridi imemalizika ao bado munavaa magunia? Sisi huku tuko wazima, nguvu ya Mungu. Mama mudogo wako Émérance anakusalimia, ni goti tu linamusumbua.

Usishangae kuona mukono wangu. Nimeandika kwenye karatasi, na Julienne mwenye papeterie, duka la karatasi la hapa barabarani, ameipiga picha na kukutumia kwa simu yake. Majibu yako atayatoa kwenye karatasi kwa imprimante yake. Haya yote ni juu ya tablette. Asubuhi moja niliifungua nikusalimie, application ikaniambia eti appareil yangu ni ya zamani, nifanye mise à jour, niipe programu mupya. Nikafanya. Ikasema mise à jour hakuna. Nikarudi kuuliza, ikasema nifanye mise à jour. Sasa mutu anakuamuru upite mulangoni, kisha anakuambia mulango hauko. Unamwitaje mutu wa namna hiyo?

Ile tablette unaijua. Nilipewa 2016, siku ile project ilifunga, mimi nikiwa sentinelle yao, mulinzi wa geti. Chef alilia mbele ya chauffeurs wote. Akasema: "Twagirimana, bila wewe tungekufa mwaka wa kwanza." Volcan ya 2021, mulima ulipolipuka, watu walikimbia na magodoro, mimi nilikimbia na tablette, moto ukapita karibu yangu kama hapa na kwa jirani, na yenyewe ikaendelea kuimba. Kioo hakina mukwaruzo. Inashika courant ya umeme siku mbili. Leo wananiambia imekufa! Mimi nilizaliwa 1974, hakuna aliyenifanyia mise à jour, na bado natembea.

Usihangaike. Émérance aliniambia ulivyomupigia kwenye kasimu kake ka vitufe, kwamba Élisée, yule wa Butembo, amekuposa. Baba yako, kaka yangu, hayuko. Siku ya dot, ya mahari, ni mimi nitasimama upande wetu. Nitawasumbua hao wakwe, nitawacheka, nitawakatalia mpaka watoke jasho, halafu nitakutoa. Kazi hiyo haina mwingine. Na nitaifanya kwenye tablette, uso kwa uso.

Ni mimi, Papa mudogo wako,
Twagirimana


Sherbrooke, tarehe 9 mwezi wa sita 2025

Papa mudogo,

Salamu nyingi sana. Mimi niko muzima, ni uchovu tu wa kazi. Mama mudogo goti alilionyesha kwa docteur, ao anajipaka tu mafuta?

Nilicheka barua yako kwenye bus mpaka mama mumoja akaniangalia vibaya. Lakini papa, nisikilize. Hizo tablette ziko vile. Miaka ikipita, wale waliozitengeneza wanaacha kuzipelekea mise à jour. Kioo kinaweza kuwa kizuri, betri inaweza kuwa nzuri, haisaidii. Application zinakua, yenyewe inabaki pale pale. Si kosa lako na haitengenezeki.

Rafiki yangu Christa anakuja Gisenyi mwezi wa saba kuona mama yake. Nimemuomba abebe simu mupya. Utavuka tu barrière ya mupaka uichukue. Papa, kubali. Siku ile sitaki mutu mwingine anitoe. Tangu niko na miaka saba ni wewe tu.

Binti yako,
Charline


Keshero, tarehe 20 mwezi wa sita 2025

Binti yangu,

Jambo na amani. Barua yako ilifika vizuri, Julienne aliisoma yote kabla yangu, sasa majirani wa avenue nzima wanajua umechoka kazini. Goti la Émérance linaendelea. Docteur alisema apumuzike. Nani atauza mboga ya sombe akipumuzika, hilo hakusema.

Simu, hapana. Mwambie Christa aje na mikono mitupu. Binti, wewe ulisoma kunipita, lakini hii nikufundishe. Muzazi anayemutoa binti hawezi kusimama mbele ya wakwe na chombo alichonunuliwa na yule yule binti. Watu wa Butembo watacheka mpaka wafike Beni. Nitasimama na changu.

Tena kazi imeshaanza. Nilienda Birere kwa Bienvenu, fundi wa masimu, yule mwenye miwani mbili. Alifungua tablette, akaangalia, akafunga. Akaniambia, "Muzee, hii wenyewe waliiacha tangu 2018."

Nikamuuliza, "Waliiacha namna gani? Mimi sijaiacha."

"Muzee, wewe si wenyewe."

Ningekuwa kijana ningemupiga. Lakini nilimuelezea vile nilivyofanya kazi na mashine za wazungu miaka tisa, redio zao nilizijua kuliko wao, hata satellite moja ilipopotea ni mimi niliwaonyesha upande ilienda. Akaifungua tena. Kisha akasema kuna njia ya kuilazimisha, kuitia roho nyingine ambayo haikutoka kwa wenyewe. Ameniandika kwenye daftari lake, ningoje zamu.

Kwa hiyo lala usingizi.

Papa mudogo wako,
Twagirimana


Sherbrooke, tarehe 3 mwezi wa nane 2025

Papa mudogo,

Habari za siku nyingi. Ulinyamaza mwezi mzima, nikapiga kwa mama mudogo, akasema uko muzima ila kila siku uko Birere. Natumaini munakula vizuri.

Tarehe imepangwa: Jumamosi, samedi 30 mwezi huu, saa kumi jioni ya kwenu. Huku itakuwa saa nne ya asubuhi, saa ya ukutani itakuwa inasoma kumi, kwa hiyo hatuwezi kukosana. Familia ya Élisée wanatoka Winnipeg, ndiko walihamia kutoka Butembo, watu kumi na mbili, ndege na hoteli. Salle ya sherehe tumeshaikodi.

Papa, niambie ukweli. Tablette inafungua video? Kama haifungui hakuna haya. Muzee Tuyisenge wa huku anaweza kusimama. Anasemeaga karibu ndoa zote za watu wetu. Mimi sitaki, lakini nipange mapema. Ao uazime simu ya mutu, dakika arobaini tu.

Nijibu mbio. Nimechoka kuwaza.

Charline wako


Keshero, tarehe 22 mwezi wa nane 2025

Binti yangu mupenzi,

Jambo, jambo. Pole na mawazo. Sisi tuko, mvua imerudi, connexion ya internet inakuja na kuondoka kama mugeni asiye na adabu.

Huyo Tuyisenge muache alipo. Mutu anayesemea ndoa ya kila mutu ni kama jenereta ya kukodisha, analia sawa sawa kwa harusi na kwa matanga. Anajua nini juu yako?

Bienvenu amefaulu. Alishusha ile roho mupya, alikaa siku nne, watu wa Birere walikuwa wanapita kuangalia. Samedi yenyewe ya dot, asubuhi anaitia, mchana inafunguka, saa kumi unaniona. Suti yangu, costume ya marron, imefuliwa. Maneno nimeyatayarisha ya saa nzima. Nitaanza kwa kuwaambia kwamba hatuna binti nyumbani, kwamba walipotea njia, wao walikuwa wanatafuta nyumba ya jirani. Halafu nitawauliza kama huko Butembo wanajua kutofautisha binti na muhogo. Watajuta kupanda ndege!

Na avenue nzima nimeialika waje kuangalia. Émérance anasema nimealika wengi. Mimi nasema hajanijua bado.

Niamini.

Papa mudogo wako,
Twagirimana


Sherbrooke, tarehe 31 mwezi wa nane 2025

Papa mudogo,

Natumaini uko muzima. Nilipiga kwenye kasimu ka mama mudogo mara kumi na moja. Kalikuwa kanalia, hakuna aliyejibu. Usiku sikulala, nikifikiri kuna ubaya umewafikia, na vile Goma iko sasa na vita. Leo asubuhi mama mudogo ndiyo akanijibu. Alisema tu: "Yuko. Ni muzima. Amekaa."

Basi nikueleze. Tuliweka ordinateur, ile ya kukuonyesha, kwenye kiti, kiti cha mbele, na kitambaa. Wakwe wakaingia, wakaimba, wakakaa. Kiti kikakaa nao. Dakika ishirini. Saa moja. Mama ya Élisée aliuliza kwa upole kama muzazi wangu ana shida. Nikasema ni connexion. Nimesema "ni connexion" mpaka neno likaisha maana.

Muzee Tuyisenge akasimama. Alisema vizuri, papa, sitakudanganya. Watu walicheka. Lakini alipofika pa kunitoa, nilimuomba akae. Sijui nguvu ile ilitoka wapi. Nilisema, huyu baba namuheshimu, lakini hakunilea.

Wakwe walikula kidogo. Wanarudi Winnipeg leo. Sijatolewa, sijakataliwa. Niko katikati.

Charline


Keshero, tarehe 8 mwezi wa tisa 2025

Charline,

Jambo. Émérance anakusalimia. Yeye njo amenikalisha hapa kwenye meza.

Bienvenu aliitia ile roho mupya samedi asubuhi. Ilionyesha kaduara, kakawa kanazunguka. Akasema muzee, kakimaliza kuzunguka imefunguka. Nikaibeba nyumbani. Saa saba kalikuwa kanazunguka. Saa tisa watu wakaanza kuingia, karibu ishirini, wengine na cravate. Nikawaambia iko inajitayarisha, vyombo vikubwa vinachukua wakati. Papeterie ilikuwa imefungwa, Julienne ni adventiste, samedi hafungui. Saa kumi kalikuwa kanazunguka.

Hapo sasa njo nikuambie. Papa Gisubizo, jirani yetu, alinyoosha simu yake. Simu nzuri, yenye connexion. Alisema, "Twagirimana, chukua, binti anangoja." Nikamwambia airudishe mufukoni. Akanyoosha tena. Nikamwambia mbele ya watu wote kwamba mimi siazimi. Na kasimu ka Émérance kalikuwa kwangu, kwenye costume. Kila ulipopiga nilikasikia hapa kwenye kifua. Ningejibu, wangesikia nikikuambia imekataa. Watu ishirini wa avenue, binti. Hao ndio niliwaonea haya. Wewe sikukuonea.

Walitoka mumoja mumoja. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Chef hakulia ile siku ya 2016. Hakuwepo. Walikuwa na tablette tano kwenye carton, secrétaire akasema kila mulinzi achukue moja. Sijui kwa nini nakuandikia hii. Nimechoka kuibeba.

Kama unataka Tuyisenge akutoe, nakubali. Nitamuomba musamaha huyo muzee.

Twagirimana


Sherbrooke, tarehe 11 mwezi wa tisa 2025

Papa mudogo,

Salamu kwako na kwa mama mudogo.

Nilisoma barua yako mara moja tu. Mara ya pili sijaweza. Nimekukasirikia na bado nakukasirikia, na kazi iko, na bus, na baridi inaanza kurudi.

Nilimusomea baba ya Élisée kwenye telefone, ile sehemu ya simu ya Papa Gisubizo. Kisha akasema: "Mimi pia ningeirudisha mufukoni." Akasema hatapanda ndege tena, na hataki video, hataki kusikia tena neno connexion. Anataka karatasi. Uandike kwa mukono wako kwamba umenitoa, yeye mwenyewe ataisoma kwa sauti siku tunaenda commune huko kwao Winnipeg kuandikisha ndoa, tarehe 27. Akasema maneno ya muzazi ni maneno, hata yakija yameandikwa.

Kwa hiyo andika. Usiniahidie kitu. Andika tu.

Charline


Keshero, Goma, tarehe 15 mwezi wa tisa 2025

Kwa Muzee, baba ya Élisée, na Mama, na wote munaosikiliza,

Jambo yenu. Natumaini mulifika salama na nyumbani hakuna mugonjwa. Mimi ni Twagirimana, yule mulimungoja na hakuja. Nisameheni. Ile siku mulivaa vizuri, waliniambia.

Nilikuwa na maneno ya saa nzima ya kuwasumbua. Leo nimejaribu kuyaandika, nikaona yote yalikuwa juu yangu. Nitasema yale najua juu yake.

Huyu binti, akikasirika hapigi kelele. Anafua. Mukimuona anafua nguo zisizo na uchafu, musimuulize kitu, mumusaidie kuanika. Maharagi yaliyolala hali, hata akiwa na njaa. Alikuwa wa kwanza darasani miaka mitatu, na mwaka wa nne akawa wa sita kwa sababu alikuwa anamuuguza mama mudogo wake, sikumwambia asante wakati ule. Hapendi mutu amwambie "kesho" kama kesho haiko. Mimi nilimwambia mara nyingi. Élisée, wewe usianze.

Anaogopa mbwa. Anasema haogopi.

Muzee, huku kwetu mutu wa kutoa binti anakuwa na umati nyuma yake. Mimi hapa niko na Émérance, na Papa Gisubizo ambaye nilimuita asubuhi ashuhudie, ameshika kikombe cha chai. Julienne anangoja afunge papeterie. Hao ndio umati wangu.

Basi. Mumeomba binti. Binti yuko. Jina lake ni Umurerwa Charline. Hatuna la kukataa. Nimemutoa kwenu leo, kwa mukono wangu, nikiwa na akili timamu, na wala sijalazimishwa. Muchukueni polepole.

Baba yake,
Twagirimana