Chumba Kimoja, Vitanda Vinne

Jumatatu, 6 Oktoba

Vitanda tisa tayari, vitatu bado msasa. Vumbi la mbao za mninga mpaka masikioni. Leo nimepiga chafya, wateja wawili wakahamia banda la jirani. Keko nzima hakuna fundi mwenye chafya kama yangu.

Vitanda vyenyewe vile vya kulalia juani. Vinaenda kwenye meli ya utalii ya Madam wa Mbezi Beach. Kabla hajaanza kubeba wazungu anaizungusha kwanza kwa majaribio, Unguja, Pemba, Mafia, siku nne. Katualika mafundi wote na familia zetu. Bure! Niliuliza swali moja tu: chakula kipo? Kipo. Nikaondoka nacheza.

Jumamosi ya wiki ijayo tunaondoka. Mie, mke wangu Zuhura, binti yetu Mwanaidi, na mama mkwe.

Mama mkwe ndo safari yenyewe. Baba mkwe alibeba mizigo bandarini miaka yote, na kila mwaka anamwahidi mkewe atampandisha meli. Kafa hajampandisha. Tangu msiba bi mkubwa kajifungia kwa shemeji yangu Buguruni, soko liko pua na mdomo na haendi. Nilivyompelekea habari ya meli akauliza atalala wapi. Nikajibu kila mtu na chumba chake, kama hotelini. Nilikuwa sijui. Ilitoka tu, tamu mdomoni.

Jana katoka mwenyewe, kanunua raba nyeupe za kupandia meli. Zuhura kalia kwa furaha.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimepeleka vile tisa. Baharia kanionyesha chumba chetu.

Kimoja.

Vitanda vinne, viwili chini viwili juu, katikati unapita kwa ubavu. Nimeuliza cha pili. Vimejaa. Fundi rangi na watoto wake sita wamepewa kimoja na wanashukuru.

Sie watu wa kusini. Mtu halali chumba kimoja na mama mkwe wake. Nikienda Buguruni namwamkia nikiwa ukumbini, yeye yuko ndani, pazia katikati. Miaka tisa ya ndoa sijawahi kula mbele yake. Hata kupiga mwayo sijawahi. Leo nilale mita moja kutoka kwake, na bukta?



Alhamisi, 9 Oktoba

Sijamwambia Zuhura.

Halafu nakoroma. Sio kidogo. Zuhura anasema kama randa ya umeme imekutana na msumari. Na naongeaga usingizini. Juzi nimepiga kelele "inama, shika vizuri, geuza!" Nilikuwa naota nabeba kabati. Sasa mama mkwe atajuaje kama ni kabati?

Nimemwambia Chande wa vanishi. Kacheka mpaka kaangusha brashi. "Braza, we panda na gundi, ujipake mdomoni!" Nikacheka na mie. Mdomo ulicheka, tumbo halikucheka.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimepata akili. Mie si fundi? Nimetengeneza kiambaza cha kukunja, cha kugawa chumba, mbao nyembamba, bawaba sita, urefu mpaka dari. Nimefanya siku mbili, nimeacha kazi ya watu. Kazi safi kinoma.

Nimekipeleka kwenye meli. Nahodha kakitazama, kanitazama. "Fundi, likitokea la kutokea, watu watafute mlango, wasitafute njia kwenye kabati lako." Kakataa.

Nimerudi nacho kichwani. Njia nzima watu wananiuliza nauza.

Jumapili, 12 Oktoba

Buguruni. Nilienda kusema ukweli. Nimekaa ukumbini na Zuhura, maneno nimeyapanga. Kabla sijafungua mdomo, nikasikia raba zinatembea ndani. Kwi, kwi, kwi. Anazifanyia mazoezi! Kutoka kitandani mpaka dirishani, anarudi.

Akasema kutoka nyuma ya pazia, "Zuhura, muulize mumeo, hicho chumba changu kina dirisha?"

Zuhura akanigeukia, kama vile sijasikia. Na mie nikamjibu Zuhura.

"Mwambie mama lipo. Kubwa."

Mjinga mie. Mjinga kabisa.

Jumatatu, 13 Oktoba

Sijala. Chande kaniletea chapati, nimemrudishia.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimemwambia Zuhura. Asubuhi, wakati anafunga kanga atoke, ili asipate muda wa kunipiga. Hakunipiga. Hakupiga kelele. Kakaa kitako mlangoni, kanitazama. Angetukana ningejua pa kushika.

"Baba Mwanaidi, kila kitu kwako utani. Mama yangu sio utani."

Akaenda Buguruni peke yake. Kurudi, maneno machache. Mama kasema basi, nyie nendeni. Raba kazirudisha kwenye boksi lake, na ile karatasi ya ndani kaifunga vilevile, kama za dukani.

Naogopa. Sio meli, sio bahari. Naogopa yule mama asitoke tena mle ndani, na sababu niwe mie.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimeamua, nabaki. Wifi yake Zuhura aende kwenye kitanda changu. Nimejisikia shujaa kama robo saa.

Jibu limekuja mchana. Mama kakataa. Kasema safari mkwe wake kaipata kwa mikono yake, hawezi kupanda yeye halafu mwenye jasho abaki na vumbi. Kwao Masasi watamuonaje.

Kwa hiyo mie siendi bila yeye, yeye haendi bila mie, na pamoja hatuwezi kwenda. Mwanaidi kapanga begi toka Ijumaa. Kaweka na mwanasesere, na sahani ya mwanasesere. Kila nikipita naliruka lile begi.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimepeleka vitatu vya mwisho. Kuvipandisha juu kabisa ya meli, kule kwenye uwazi, jasho tupu. Nimevipanga mstari na wenzao. Nikasema ngoja nijaribu kimoja, fundi lazima ajaribu. Nikajilaza. Mgongo umekaa sawasawa. Nikafumba macho.

Nikayafumbua mbio.

Nimeshuka ngazi nusu nianguke. "Nahodha, mtu anaruhusiwa kulala kule juu?" Akasema mabaharia wake wanalala kulekule, chini joto. "Ila baridi ya alfajiri, usije ukanilaumu." Nimekaribia kumbusu. Vitanda kumi na mbili nimechonga mwenyewe, wiki nzima nahangaika pa kulala!

Zuhura katoka mbio kwenda Buguruni. Na nimemtuma aseme yote, kwamba mie nalala juu, wao watatu chumbani, na kwamba dirisha ni dogo, la duara, sawa na sahani. Sitaki tena kudanganya hata kwa dirisha.

Karudi jioni. Kasema yote. Mama kasikiliza. Akaendelea kuchambua mchele.

Ndo hivyo tu. Mchele. Mie hapa moyo unaenda kama singeli.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimefunga banda mapema, nikaenda kuswali, nikarudi nyumbani. Kiambaza nimemwachia Chande, anabadilishia nguo nyuma yake.

Alasiri shemeji kamleta mama na begi lake. Nikatoka nje ya nyumba, nikainama, nikamwamkia nikitazama chini. Kwa hiyo nilichokiona ni miguu. Raba nyeupe. Kamba kafunga mafundo mawili kila moja.

"Marahaba," akasema. Akapita ndani.

Baadaye Zuhura kanitokea uani na kitu mikononi. Koti. Lile zito, la buluu, baba mkwe alilokuwa anavaa bandarini zamu za alfajiri. Tangu msiba hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Limefuliwa, bado lina harufu ya jua.

"Mama kasema nikwambie, huko juu kuna baridi."

Nilikuwa na utani mdomoni. Nikauacha.

Nimelivaa. Mabega yamekaa. Mikono mirefu, inafika vidoleni. Sijaikunja.