Kofia ya Pandu

Jumamosi, 12 Februari 2011

Bijou kanyoosha mkono sasa hivi! Mchungaji kapita dirishani, kavua kofia kujifuta jasho, na mwanangu — miaka mitatu tu — kaangusha kijiko cha wali, mkono juu kabisa. "Me! Me!" Mimi, mimi, kwa Kiingereza chake. Nimecheka, halafu nikaona aibu. Bado anakumbuka. Jumapili iliyopita, mkutano wa chama kule ukumbini Turffontein, Kaka Pandu alituambia: nikivua kofia, wote mikono juu. Hotuba zenyewe hatukuzielewa, Kizulu na Kiingereza cha mbio. Tukatazama kofia. Ikavuliwa, mikono juu, na mtu wa Pandu akapita kuwa mgombea wa chama. Makofi!

Watu wale niliwaleta mimi. Warundi wenzangu, Wakongo, mlango kwa mlango hapa mtaani kwetu La Rochelle. Kila mmoja akapata unga, mafuta, tisheti, na kadi ya chama yenye picha yake. Mimi nimeahidiwa mashine kwenye kiwanda cha sare za shule. Mashine ya umeme! Pandu kasema, "Dada Spès, mwezi wa tatu unaanza, sharp." Mtanzania yule ana miaka kumi na mbili hapa Joburg, anajua milango yote. Baba Bijou yuko Durban analinda magari ya watu, simu yake ya kubahatisha. Nikiingia kiwandani, Bijou ataenda crèche, kulelewa na kucheza kama watoto wengine.

Leo darasani, lile letu wageni wazima la Jumamosi, ukumbi wa kanisa, historia. Mwalimu Elisée siku za juma ni mlinzi wa duka, lakini kwao Bukavu alikuwa mwalimu kweli. Amerika ya zamani, miaka ya elfu moja mia nane na themanini na kitu. Reli, chuma, viwanda, moshi. Meli zinamwaga maskini wa Ulaya, Kiingereza hawajui. Wakishuka tu, mtu wa chama anawangoja: kazi hii hapa, makaa ya kuotea baridi haya hapa. Halafu siku ya kura — mnajua mtampa nani. Na wakubwa wa jiji wakala barabara, wakala shule, wakala mpaka mahakama.

Burhani fundi viatu akauliza, mwalimu, hiyo ni Amerika au ni La Rochelle? Darasa zima kicheko. Mwalimu akangoja watulie. Akasema yule mtu wa bandarini mara nyingi naye alikuwa mgeni. Alishuka meli ya kabla yao tu.

Niliinamia daftari. Nikajifanya naandika.

Jumatatu, 14 Februari

Mama Orpha, mzee jirani yangu, hakuja. Kila asubuhi anagonga, "Mama Bijou, uko hai?" halafu anabaki na mtoto mimi niende kusuka nywele za watu. Leo kimya. Bijou kakaa mlangoni na viatu vyake, anamwita bibi yake, "Koko? Koko?"

Saa kumi akaja Yves, mwanawe. Mama kakamatwa. Kwenye robot hapa karibu, zile taa za barabarani, polisi walikuwa wanakagua karatasi. Hakuogopa hata kidogo, anasema Yves. Alitoa kadi ya chama kifuani, kaifunga kwenye plastiki, akawaonyesha kama pasipoti. Polisi wakacheka. Wakaitana waje waone. Na karatasi yake ya ukimbizi imekwisha muda tangu tarehe tano.

Yves kashika kichwa. Mama hakosagi tarehe, anasema, miaka yote hakosagi! Kuna mtu kamdanganya, na mama hataki kumtaja. "Nikimjua, eish…"

Nikampa chai. Chai!

Jumatano, 16 Februari

Niandike tu. Hapa hakuna wa kunisoma.

Ni mimi.

Mwezi wa kwanza, Mama Orpha alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nikamwambia kuhusu mkutano, unga, kadi. Akaacha mchi. "Mtoto wangu, hiyo kadi ni kama ile ya Zaire? Kule kwetu Kalemie bila kadi ya chama ulikuwa hupandi treni, hupiti barrière ya askari barabarani. Hata sokoni walikurudisha." Nilijua si kama ile. Nilijua! Lakini Pandu alitaka wapangaji wote wa nyumba yao, na alibaki Mama Orpha tu. Nikasema, "Ndiyo, mama. Ni kama ile." Akafurahi, akapiga magoti yake makofi mawili. Basi, akasema, haya magoti hayatapanga tena foleni ya karatasi Pretoria. Nami nikamwambia, pumzika, mama.

Ningeweza kunyamaza. Nikasema pumzika.

Leo nimempigia Pandu. "Dada, kadi ni ya kuingilia mkutanoni. Karatasi ni mambo ya serikali, mimi na serikali wapi na wapi?" Nikalia. Akalainika kidogo: mashine yako ipo, usiiharibu kwa mdomo.

Makaa ya Amerika yalikuwa na joto hivi hivi, nadhani.

Ijumaa, 18 Februari

Kanisani kaja Hélène, mwanasheria wa wakimbizi. Jumatatu Mama Orpha anahamishiwa kambi ya kurudisha watu kwao. Kwao wapi? Nyumba ya Kalemie iliungua, mume aliungua nayo. Hélène anasema akipatikana mtu wa kuapa — nani alimwambia mama kadi inatosha, kwa maneno gani — ataweza kumwomba afisa. Asipopatikana, ni mzee aliyepuuza tarehe, basi.

Yves akatutazama wote, mmoja mmoja. Nikainama kumfunga Bijou kamba za kiatu.

Kiatu chenyewe hakina kamba.

Jumamosi, 19 Februari

Sikwenda darasani. Yves kaomba nimsindikize kituoni na chakula, Hélène atakuwa huko saa nne. Nimepika ugali na ndagala, dagaa za kwetu, Mama Orpha anazipenda kavu. Nimeshajizoeza maneno mbele ya sufuria. Yves, ndugu yangu, yule mtu unayemtafuta. Hapana. Yves, nisikilize kwanza. Nitasema kabla hatujafika kwenye robot. Tukivuka robot sitaweza tena, najijua. Mashine basi. Labda Mungu ana kiwanda kingine. Kusuka nako ni kazi.

Yves huyo kafika. Nimemwambia dakika moja, anadhani naandika barua ya Baba Bijou. Jumapili ile ya mkutano Yves alikuwa kazini, hakuona kitu. Amesimama mlangoni, jua kali, kavua kofia — na Bijou, Mungu wangu, mkono juu! "Me! Me!" Yves kacheka, mara ya kwanza juma zima. Kamnyanyua, kavaa kofia, kavua tena, mkono juu tena. Ananiita, Mama Bijou, acha barua, njoo uniambie, huyu kafundishwa na nani? Mama Bijou! Na mimi nikiinua uso tu, atajua. Naweka kalamu, nainua.