Nondo wa Ukuta wa Geti Namba Mbili

Baba yangu,

Shikamoo. Najua sasa hivi umekaa kwenye kiti chako cha kamba, umeinua kidevu, na Zaituni anakusomea maneno haya kwa mwendo wake ule wa kukimbizwa. Zaituni mdogo wangu, punguza kasi. Vipi macho, Baba? Lile la kushoto bado linaona mwanga, au nalo limeshakuaga? Na kifua cha Mama, baridi ya huko mlimani imekiachia? Mimi mwili mzima, namshukuru Mungu, ila roho ndiyo haijatulia. Wiki ya saba hii, kukaa hakukaliki, kulala hakulaliki. Barua hii nimeianza mara nne, na mara nne nimeinuka kwenda kuchungulia kopo. Kopo gani, utajua.

Nilikwambia nalinda jengo la makazi huku Silicon Oasis, Dubai, zamu ya asubuhi. Sikukwambia kwamba kando ya geti namba mbili kuna ukuta mweupe wenye taa, na taa ile ikizimwa alfajiri nondo hubaki wamelala ukutani mpaka mtu wa usafi aje na mpira wa maji. Hapo katikati nilikuwa na kama saa moja. Basi, mtoto wa nyoka ni nyoka. Ulinifundisha kutazama wadudu kabla sijajua kusoma, na tabia hiyo nimekuja nayo mpaka jangwani.

Ghorofa ya nne anakaa bibi mmoja Mwingereza, mwalimu mstaafu, yuko kwa mwanawe. Huku kila mwenye nyumba ni sir au madam, kwa hiyo naye ni madam. Siku moja alinikuta pua yangu inakaribia kugusa ukuta, nikajua leo nashtakiwa. Kumbe naye ni mgonjwa wa ugonjwa huu huu! Jimboni kwao kazi yake ya uzeeni ilikuwa kuandikisha nondo: nani kaonekana, wapi, lini, na kaonwa na nani. Alinisimulia nondo mmoja wa kijivu aliyemsumbua miaka na miaka, adimu, tena anafanana na wenzake hata huwezi kumjua kwa mabawa. Lazima mtaalamu ampasue tumbo amtazame kwa darubini. Nikamwambia baba yangu alikuwa mtu wa kazi hiyo. Akauliza jina lako ili alitafute kwenye vitabu vyake. Sikulitaja, Baba.

Sikulitaja kwa sababu nililikumbuka lile sanduku la kioo lililoletwa shuleni kwetu. Nondo wa msitu wetu, uliowakamata kwa wavu wako na kuwachoma pini kwa mkono wako, na chini ya kila mmoja kikaratasi chenye jina la yule mtaalamu uliyemfanyia kazi. Ulivipitia kimoja kimoja mpaka mwisho. Ukasema, “Mimi nilikamata, yeye akaandikwa.” Ukacheka. Mimi sikucheka, na mpaka leo linaniuma. Ndiyo maana nilijiapiza kwamba ukuta huu ukitoa nondo wa maana, safari hii jina litakuwa letu.

Akatokea. Mdogo, rangi ya vumbi, na mstari mmoja uliokatika kwenye bawa. Nikamfunika kwa kikopo cha vidonge, nikampiga picha kwa simu. Kumgeuza, tumbo limejaa. Jike lenye mayai. Kabla sijafikiri, mkono ulishafungua kifuniko. Si wewe uliyenilea hivyo? Mara ngapi mtaalamu alikupa mgongo nawe ukaliachia jike lenye mayai, ukaniambia msitu hauibiwi mbegu? Likaruka mpaka kwenye ghafu, ule mti wa jangwani ulio karibu na uzio, nami nikarudi kwenye kiti changu nimeridhika.

Madam aliposhuka nilimwonyesha picha. Akaitazama, akavuta kiti changu, akakaa. Akaniambia wako wawili wanaofanana kama mapacha. Mmoja yuko kila mahali, mwingine nchi hii ameonekana mara chache mno, na picha haitoshi kuwatenganisha. Akauliza mdudu mwenyewe yuko wapi. Nikamwonyesha mti.

“Bila mdudu mkononi mimi siandiki,” alisema. “Hata kama ningemwona kwa macho yangu.”

Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia.

Siku hiyo hiyo supavaiza wetu, Mkenya, akaleta yake: Jumapili inayofuata nahamia Ras Al Khor, kulinda ghala la vipuri vya magari. Nikamwomba wiki mbili tu. Akaniambia ratiba imeshatoka, khalas, imekwisha hiyo, akapanda basi. Zilibaki siku tano. Kila alfajiri nilikuwa wa kwanza kushuka basini, nakimbilia ukuta kabla hata sijasaini. Wapi! Wa kila aina walikuwepo isipokuwa yeye. Nakato, Mganda ninayelinda naye na kulala naye chumba kimoja, akasema siku nikipotea atawaambia wanitafute ukutani. Nilijilaumu, halafu nikakulaumu wewe, Baba, nisikufiche. Nilisema moyoni: huruma yake hiyo ndiyo iliyomfanya asiandikwe, na mimi kaniambukiza. Unisamehe.

Siku ya nne nilitia mkono mfukoni mwa sare kutafuta kalamu, kikatoka kile kikopo. Nilikuwa nakitupa. Ndani ya kifuniko nikaona vitu kama punje za mchanga, vimepangwa mstari. Jike lilikuwa limetaga kabla sijaliachia! Nikakaa sakafuni na sare yangu.

Madam alipoyaona mayai alinishika mkono. Akasema tukiwalea viwavi mpaka wawe nondo tutakuwa na ushahidi, shida ni kwamba hajui wanakula nini, na wa aina hii wakikosa jani lao wanakufa njaa. Hapo ndipo uliponisaidia. Ulikuwa ukiniambia, jike ukiliachia litazame linakokwenda, maana linakwenda watakakokula watoto wake. Na mimi nilikuwa nimelitazama. Kama ningeliua asubuhi ile, mti ule tusingeujua.

Nikahamia Ras Al Khor na kopo langu. Huko hakuna jani, kuna milango ya magari na moshi. Nakato, aliyebaki kwenye jengo, ndiye aliyenichumia majani ya ghafu na kuniletea chumbani kwetu kila jioni, huku akilalamika kwamba amekuja Dubai kulisha wadudu wa watu. Viwavi wengi walikufa. Watano wakajifunga kwenye vifukofuko, nami nikawa mtu wa kuchungulia: nikiamka, nikitoka kuoga, chakula kikiwa mdomoni. Ijumaa iliyopita, siku yangu ya mapumziko, wawili wakatoka, madume wote, matumbo membamba. Sikuwa na kisingizio tena cha kuwaachia wote. Nilipanda basi nimelikumbatia kopo, nikamkabidhi madam nondo mmoja. Wa pili nilimwachia kwenye mti wa mama yake. Bado watatu hawajatoka, ndio wanaonisimamisha kila nikishika kalamu.

Jibu la mtaalamu ambaye madam amempelekea mdudu halijaja. Huenda ni yule wa kila mahali, na ikiwa hivyo nitalia, nakwambia kabisa. Lakini madam alisema awe yupi, mdudu anawekwa, na aliyemkamata mama yake na kumlea ataandikwa. Akaniuliza jina langu kamili, akatoa kalamu yenye ncha nyembamba na kuandika vikaratasi viwili. Kimoja kimeingia kwenye pini, kimoja akanipa.

Kesho naiwahisha bahasha hii Deira, kwa yule mtoto wa shangazi anayefunga mizigo ya nyumbani. Shangazi mwenyewe mpeni salamu zangu, mwambieni mwanawe anakula vizuri. Mjomba wa shambani asiuze yule ndama kabla sijaja. Mama nambusu mikono yote miwili.

Sasa Zaituni, toa kikaratasi kilichomo kwenye bahasha. Ni kidogo kama ukucha, usije ukakipuliza. Mwekee Baba kiganjani, halafu msomee. Kuna mahali, kuna tarehe, na chini kuna jina: M. Abedi. Ndivyo waandikavyo hawa wenzetu. Jina la mtu mwenyewe wanalikata, la baba yake wanaliandika lote. Mimi humo ni herufi moja tu, Baba. Aliyeandikwa ni wewe.

Mwanao asiyetulia,
Mwanaidi