Kitufe Kipana Kama Kidole Gumba

Alhamisi, Naro Moru. Baridi ya kuuma masikio. Mlima haujajitokeza tangu juzi.

Kwa heshima kubwa, na nikiwa nimevaa soksi mbili mbili, naomba kuutangazia umma kwamba leo kitufe kimoja kimefikia upana wa kidole gumba cha binadamu. Hakuna bendera itakayopandishwa. Mke wangu alipopewa habari hizi aliuliza kama nimefunga kuku.

Nieleze. Mimi ndiye niliyekitengenezea chama chetu cha wafugaji programu ya kupokelea maziwa. Karani anapima maziwa ya mkulima, anagusa Pokea au Kataa kwenye simu yake, na mkulima anapata ujumbe papo hapo. Kwenye simu yangu vitufe vilikuwa vinono, vimekaa kama mandazi yaliyoumuka vizuri. Nilikuwa nikiifungua programu hata bila kazi, kuvitazama tu.

Kisha Mama Wangari, karani wetu wa miaka mingi, akanunuliwa simu mpya na binti yake anayefanya kazi hotelini Nanyuki. Tangu hapo akaanza kukataa maziwa ya watu bila sababu. Anataka kugusa Pokea, kidole kinaangukia Kataa. Wakulima wakasema ana chuki. Wengine wakasema ni vidole tu: vidole vilivyochimba viazi maisha yote si vya simu. Mwenyekiti wa chama akakata shauri kwamba akikosea tena, hata mara moja, kazi atapewa mwingine.

Hata mimi nilikuwa nimeanza kuvitazama vile vidole.

Jumatatu nikaomba kuiona simu yenyewe. Vitufe vyangu vilikuwa vimekonda kama punje za mchele.

Kioo cha simu kimeundwa kwa nukta ndogo ndogo za mwanga, nami nilikuwa nimepima kitufe kwa kuhesabu nukta. Sasa, nukta za simu yangu ni nene kama unga wa ugali, za simu yake ni laini kama unga wa chapati. Hesabu ni ile ile, kitufe si kile kile. Ni sawa na kupima shamba kwa hatua bila kuuliza ni hatua za nani, na watu wa huku tunajua ni kesi ngapi zimetoka hapo.

Dawa ya kwanza: programu iiulize simu nukta zake zina ukubwa gani. Ikauliza. Simu ikadanganya. Simu nyingine hujibu chochote, kama mgeni aliyeulizwa kama ameshiba.

Dawa ya pili ilinijia nikiwa kwa wakala wa pesa: kitambulisho. Kila mtu mzima anacho, na changu na chako vinalingana. Unakilaza juu ya kioo, unavuta mstari hadi ukingoni mwake, na programu inapata kipimo cha kweli. Nilijipongeza mpaka nikajinunulia nusu kilo ya nyama.

Leo asubuhi tukajaribu, mbele ya wakulima na mitungi yao. Mama Wangari akalaza, akavuta mstari, akawa tayari. Wa kwanza kwenye foleni, kwa heshima ya cheo, alikuwa Mwenyekiti.

Mama Wangari akatumbukiza kile kipimo cha kioo kinachoelea ndani ya maziwa. Kikazama kuliko inavyofaa. Sote tuliokuwa karibu tuliona kwamba maziwa ya Mwenyekiti yalikuwa yameonja maji, na sote tukapata kitu cha kutazama kwingine. Mama Wangari alitazama simu. Akaitazama tena.

Pokea ilikuwa kubwa kama sahani. Kataa haikuwepo, ilikuwa imesukumwa nje ya kioo.

"Baba Kimani," akaniita kwa sauti ya kanisani, "hii simu iko na kukubali tu. Ni kama bibi harusi."

Watu wakacheka, Mwenyekiti kuliko wote. Akamhimiza abonyeze hiyo iliyopo, watu wana kazi.

Nikamwomba Mama Wangari anionyeshe alivyopima. Akatoa kifuko cha plastiki, ndani yake kitambulisho, kadi ya hospitali na picha ya marehemu mumewe. Alikuwa amelaza kifuko kizima. Nilipouliza kwa nini hakutoa kitambulisho, alinitazama kana kwamba nimemwambia avue kitambaa cha kichwa. Kitambulisho, akasema, hutolewa polisi akiomba. Foleni nzima ikatikisa kichwa kumuunga mkono. Nikapapasa mfuko wangu: changu nacho kimo kwenye nailoni, tangu siku nilipokichukua kwa chifu.

Kwenye kundi la chama nimeandika kwamba majaribio yalifaulu baada ya marekebisho madogo ya kitaalamu.

Ukweli ni huu. Marekebisho ya kitaalamu yalikuwa mimi kusimama nimeshika picha ya marehemu kwa mikono miwili, nikiogopa kuiangusha kwenye maziwa, huku yeye akilaza kitambulisho kitupu na kupima upya. Vitufe vikanywea. Kataa ikapanda kutoka chini polepole, kama mtu aliyechelewa ibada.

Akaigusa. Mara moja.

Ujumbe ukalia mfukoni mwa Mwenyekiti. Nikajua kazi imekwisha, yake na yangu. Mwenyekiti akausoma, akauliza kama ni kile kidole tena.

"Kidole ni yangu," akasema Mama Wangari. "Na leo imegonga pale nilikuwa nataka."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akakitazama kipimo, bado kinaelea chini chini mbele ya kila mtu. Akatazama foleni. Halafu akafunika mtungi wake, akaubeba mwenyewe hadi mlangoni, na hapo akageuka kumwambia kwamba kesho afungue mapema kidogo, baridi imezidi, watu wasigandie nje.

Alimwambia yeye afungue. Nilimsikia vizuri.