Picha ya Upande Usioguswa

Ann, hebu sikia haya!

Si unajua Chelsea wetu hapa Doha kazi yake ni kupiga picha za ubongo wa panya kwa maikroskopu? Wanaziba mshipa wa upande mmoja, damu inapungua, seli za huko zinasinyaa na kufa. Upande wa pili hauguswi.

Sasa leo bosi wake, Profesa, ameita familia za wagonjwa wa kiharusi. Akaonyesha seli zilizokufa. Halafu picha nyingine, safi kabisa: "Hii ni baada ya dawa yetu."

Dawa gani?! Huo ni ule upande usioguswa! Panya ni yule yule! Chelsea aliipiga mwenyewe!

Makofi ukumbi mzima. Chelsea akaitwa mbele, akapewa maiki asalimie watu. Mama mmoja wa kwetu, mzee wake amepooza, akamshika mkono: "Binti yangu, hiyo dawa tutaipata lini?"

Profesa akamkonyeza Chelsea. Ann, ALIMKONYEZA!

Chelsea akasema kwa maiki, "Mama, usingoje. Huyo panya hakupewa dawa yoyote."

Yule mama akaachilia mkono, akakaa chini sakafuni.

Na Profesa? Anazunguka akiuliza ni nani alimpa Chelsea maiki.