Baridi Uliyokataa Kuisema

Mume wangu, Baba Hilda,

Tangu Hilda aondoke nimekuwa nikikusema peke yangu jikoni, kama zamani ulipochelewa kurudi kutoka shamba. Binti yako amekwenda kupiga kambi milimani, Njombe, yeye na skauti wenzake wa shule. Aliponiletea habari hiyo nilisema hapana kabla hajamaliza kueleza. Nyumba hii ilishatoa mtu mmoja kwa baridi, nikaona inatosha.

Nimeukumbuka sana ule mwaka wetu wa kwanza wa ndoa, uliponipeleka Kitangari, kwenu Newala, kupulizia mikorosho salfa, ile dawa ya unga. Kwetu Lisekese, Masasi, hata Juni mtu analala na shuka moja, basi nikabeba kanga mbili na furaha ya bibi harusi. Sikujua kwamba mikorosho hupulizwa alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo haujaanza, kwa hiyo watu hulala hukohuko shambani, kibandani. Uliziangalia kanga zangu ukacheka mpaka ukakaa chini.

"Binti wa Lisekese, umekuja ngomani?" ulisema. "Huku baridi inaingia mpaka kwenye mifupa."

Ukanifundisha bila haraka. Ulitandaza majani makavu ya mkorosho, mengi, juu yake magunia, ndipo mkeka. Blanketi zito ukalilaza chini yetu na jepesi juu, nami nikadhani umekosea. Ukasema baridi mbaya ni ile ya ardhini. Ukanikataza kulala na nguo iliyolowa jasho. Wewe ulikuwa na shati na suruali vya kulalia tu, umevifunga kwenye mfuko wa nailoni, na hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa mchana. Tulikula ugali wa muhogo karibu na kulala, kwa sababu ulisema mwenye njaa hapati joto hata umfunike kwa godoro. Mwisho ukatia maji ya moto kwenye chupa, ukaivisha soksi, ukaniwekea miguuni. Nililala fofofo. Sijalala vile tena, na sisemi hivyo ili kukusifia.

Hicho ndicho kinachoniuma. Ungekuwa hujui, ningekusamehe.

Ulipofunga safari na Saidi, rafiki yako wa tangu utoto, kwenda kufanya kazi ya upagazi Kilimanjaro, nilitaka uchukue koti zito la kaka yangu. Ukalisukuma pembeni. "Mama Hilda, mimi mtu wa Newala bwana. Baridi nimezaliwa nayo." Na wote waliokuja kukuaga wakakuunga mkono, maana kwenu mna hiyo sifa: baridi ni ndugu yenu, wanaotetemeka ni sisi wa Masasi.

Saidi alirudi peke yake. Alikaa kwenye kigoda pale uani akanieleza yote huku akiangalia miguu yake. Mvua iliwanyeshea kutwa nzima, mfuko wako ukalowa, na nguo kavu zote zikalowa humo humo. Kwenye hema la mpishi kulikuwa na mablanketi ya akiba, na kila aliyeomba alipewa. Alikuona unatetemeka, akakuuliza kama akakuombee moja. "Baridi gani? Kwani hunijui?" ukamjibu. Akakuuliza tena, ukamwambia akalale, asikutie aibu mbele ya watu. Asubuhi hukuamka.

Nina hasira na wewe, Baba Hilda. Nililia mbele za watu, nikavaa nguo nyeusi, nikamaliza arobaini, lakini hasira ilibaki, kwa sababu hukufa kwa kukosa blanketi. Siku hizi upepo ukianza kuvuma kutoka bondeni Ruvuma nalala upande wangu wa kitanda, wako siugusi. Nakukosa mpaka nakuchukia, kisha nakukosa tena.

Hilda alinibembeleza siku nyingi. Mwisho akasema, "Mama, ukininyima nitaogopa baridi maisha yangu yote." Nikamfungia mzigo: soksi, kofia, mkeka wa kuweka chini ya blanketi, nguo za kulalia ndani ya nailoni mbili. Stendi nilimshika mkono mbele ya wenzake mpaka akaona haya.

"Ukisikia baridi, sema," nikamwambia. "Wakikucheka, sema tena. Ushujaa usiniletee mimi."

Leo asubuhi amenipigia kwa simu ya madamu wao. "Shikamoo mama." Nikaitikia marahaba, nikamuuliza amelalaje.

"Mwanzoni vibaya, mama. Nilitetemeka. Nikamwamsha madamu, nikamwambia nasikia baridi. Wenzangu wakanicheka, wakasema mtu wa Newala gani huyu. Madamu akanipa blanketi lake la pili, nikalala."

Nilimwambia amefanya vizuri. Simu ilipokatika nikakaa sakafuni nikalia kuliko nilivyolia siku ya mazishi yako. Nasikia baridi. Maneno mawili tu, mume wangu. Mtoto wako ameyaweza.

Pumzika basi. Hasira bado ninayo, ila leo imepungua kidogo.

Mkeo,
Mama Hilda