Vikari Mkuu Asiye na Siku

Jumatatu, 3 Novemba
Misa ya saa kumi na mbili asubuhi. Nimesoma kitabu cha marehemu. Kila siku ya mwaka ina ukurasa wake. Padri aliyefariki siku hiyo anatajwa. Kisha shule. Mtihani wa Kilatini, mgumu.

Jumanne, 4 Novemba
Abbé paroko ameniomba niandike historia ya mavikari wakuu, wasaidizi wa kwanza wa askofu. Waliopita ni wanane. Saba wamo kitabuni. Wa tano, Abbé Wenceslas, hayumo. Wakati wa vita alishika njia ya Kalehe, hakurudi. Hakuna mwili, kwa hiyo hakuna siku, kwa hiyo hakuna ukurasa. Jina lake halijasomwa hata mara moja.


Alhamisi, 6 Novemba
Nimepata saini yake ya mwisho katika daftari la ubatizo. Tarehe 11 Novemba, asubuhi aliyoondoka. Wino umevutika. Alikuwa na haraka. Tangu hapo nasikia viatu vya haraka kwenye korido ya sakristia. Nikigeuka, hakuna mtu. Nadhani anataka kutajwa.

Jumapili, 9 Novemba
Mdogo wake Abbé Wenceslas, Maman Nsimire, hukaa benchi la mbele kila asubuhi. Mzee sasa. Hukaza shingo ninaposoma, halafu hutoka kabla ya wengine. Anasubiri jina la kaka yake, maskini. Nimeliandika kwenye ukurasa wa tarehe 11. Kwa wino. Sikumuuliza mtu. Nimejiona mwema.

Jumanne, 11 Novemba
Nimelisoma. Maman Nsimire alisimama.
"We mutoto! Nani alikuambia alikufa? Uliona mwili?"
 Akatoka akijishika kwenye mabenchi. Abbé akaendelea na misa.
Nimemuua mtu kwa mdomo wangu. Sikwenda shule.

Jumatano, 12 Novemba
Viatu havisikiki tena. Hilo linanitisha zaidi.

Alhamisi, 13 Novemba
Abbé hakunigombeza. Amesema jina linaweza kufutwa, lakini mwenye kuamua ni Maman Nsimire, na mwenye kwenda kumuuliza ni mimi.
Anauza sambaza, vidagaa vya ziwani, kwenye soko la Nyawera. Nilisimama mbali na meza yake hadi mbeba mizigo akaona sare yangu ya shule, akanipigia kelele: "Étudiante, unatafuta samaki ao bwana?" Watu wakacheka. Nikasogea.
"Maman, nisamehe. Abbé anauliza kama tufute jina."
Aliendelea kupima samaki. Hakuniangalia.
"Kila asubuhi nilikuja kusikiliza. Hawakumusoma, basi iko muzima. Narudi kuuza. Miaka yote hiyo. Sasa nitasikiliza nini?"
Akamwaga kipimo cha samaki kwenye mfuko.
"Kitabu utafuta. Na masikio yangu?"
Nimelia njia nzima. Nilidhani nimesoma vitabu vingi. Sikuwa nimemsoma mtu mmoja wa benchi la mbele.

Ijumaa, 14 Novemba
Benchi la mbele tupu.

Jumamosi, 15 Novemba
Kilio cha Abbé Wenceslas, nyumbani kwa Maman Nsimire. Nimeenda na mama. Mikeka imetandikwa, wanawake wamejaa, wengine wametoka Luvungi. Jina lisifutwe, Maman Nsimire amesema. Nimepewa viazi vya kumenya. Nilikaa karibu na mlango.
Mgeni mmoja, mwanamke kijana asiyejua habari, aliuliza kwa upole marehemu alifariki lini.
Maman Nsimire alijifunga kitambaa vizuri kichwani.
"Mardi," alisema. "Jumanne hii."
Hakuna aliyemsahihisha. Niliendelea kumenya.